Mwaka Viboko Walipoondoka Ziwani

Harufu ya tope linalokauka juani hunisimamisha ghafla, hata nikiwa na ndoo kichwani. Majirani zangu hapa Maisaka wameshazoea, husema, "Neema ameanza tena." Mimi ambaye safari yangu ndefu ni kutoka jikoni kwenda gengeni, harufu hiyo hunifikisha bure ukingoni mwa ziwa, enzi zile mkoa wetu wa Manyara ulipokuwa bado mpya na baba yangu bado mvuvi.

Ziwa Babati lilikuwa na tabia ya kupungua na kujaa. Mvua zikigoma, maji yalirudi nyuma, yakaacha tope lililopasuka kama visigino vyangu. Zikirudi, yalipanda mpaka mashambani mwa watu. Hakuna aliyeshtuka. Kiangazi kikizidi, perege waliosalia walijibana kwenye kilindi kimoja, pamoja na viboko. Pale wavuvi hawakutupa wavu. Mama akimchokoza baba kwamba ni mwoga, baba alijibu, "Mama Neema, nikuletee perege wa kule, umle kwenye matanga yangu?"

Kisha ukaja ukame uliopitiliza. Vuli haikunyesha, na masika nayo ikapita kama mgeni asiyetujua. Majani yakaisha ukingoni. Viboko wakavamia mahindi yaliyonyauka, wakakonda. Wengine wakafia kwenye tope, waliobaki wakaondoka, hatukujua walikokwenda. Tuliwazomea kwa furaha. Asubuhi moja mji ukashuka kilindini na ndoo, mabeseni, hata vyandarua. Mimi nilisimama pakavu nimeshika beseni, maana tope sikulipenda, ila kula nilipenda mno. Perege wenye mayai ndio tuliowagombania. Wadogo kama kidole tuliwaanika juu ya bati. Sijawahi kumwona baba akicheka vile.

Masika iliyofuata ilinyesha kwelikweli. Ziwa likajaa, likang'aa, na baba akauza mbuzi wetu akanunua wavu mpya. Sote tuliamini samaki huja na maji. Kila alfajiri alitoka, na mama akampokea mlangoni.

"Baba Neema, leo umetuletea nini?"

"Magugu. Yaunge kwa karanga."

Mwanzoni tulicheka. Baadaye mama akaacha kuuliza, na baba akawa anaingilia mlango wa nyuma.

Mwishowe akaenda Mererani, machimboni. "Wewe mlinzi wa jiko," aliniambia akinivuta sikio, "perege wakirudi, na mimi narudi." Basi mimi, mvivu wa kutembea, nikawa nashuka ziwani kila nikitoka shule, nachungulia maji kama mtu aliyedondosha kitu. Baba alirudi kabla yao, akikohoa vumbi la machimbo, na hakukaa nasi sana. Tulimzika shambani Sigino.

Perege walionekana tena nikiwa sekondari, wadogo, wakikimbia kivuli changu. Nilitaka kuwatukana. Kwa miaka nilikuwa nimewaona kama wageni waliochelewa makusudi. Kumbe wale wachache waliojibana kilindini kila kiangazi ndio waliokuwa mbegu ya ziwa zima, na viboko, bila kujua, ndio waliotuzuia tusiimalize. Safari ile hapakuwa na wa kutuzuia. Maji huhitaji masika moja tu kurudi. Samaki wanataka miaka ya kuzaana, na baba hakuwa na miaka hiyo.