Herufi Nane Kutoka Busia

Mchana ule wa mawingu haunitoki, mwanangu, ingawa sasa nywele zangu ni nyeupe na wengi niliofanya nao kazi wametangulia. Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mpya, nami nilikuwa msichana mwenye kazi yake katika posta ya Tororo. Nilipokea na kutuma simu za maandishi kwa chombo cha kugonga. Kila herufi ina milio yake, mifupi na mirefu, unasikiliza, unaandika.

Upande wa Busia alikaa karani aitwaye Wandera, Msamia wa Sikuda. Tuliongea kila siku kwa waya, lakini sikuwahi kumwona uso. Nilimjua kwa mkono wake tu. Kila mgongaji ana mwendo wake, kama vile mtu alivyo na sauti yake, na Wandera akimaliza neno alikawia kidogo kwenye mlio wa mwisho, kama mgeni asiyependa kuaga.

Makarani tulikuwa na orodha ya maneno ya kufupisha kazi, imebandikwa ukutani. Neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima. Ukipokea KALAMU, mwenzako anasema subiri. Ukipokea MLANGO, anafunga ofisi. Mengine sikuwahi kuyasikia yakitumika.

Siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, chombo kikalia. Nikaandika: TKLABIEN. Nikamgongea arudie. Ikaja NEBLIKAT. Nikauliza tena. AKTIBNEL. Mkono ulikuwa wa Wandera, sina shaka, na ukawiaji wake wa mwisho ulikuwepo, ila sasa ulikuwa mrefu, mrefu mno, mpaka nikajikuta nami nimezuia pumzi. Nikamuuliza kama yu mzima. Jibu likawa herufi zile zile, zimevurugwa upya.

Mwili ukanisisimka. Kwetu Sop Sop nilikua nikisikia wakubwa wakisema kwamba aliyekufa akijaribu kuongea na walio hai, maneno yake hayanyooki. Nikasukuma kiti, nikainuka niende kusema laini imeharibiwa na mvua.

Mkubwa wangu wa kazi, Mzee Obbo, Mjapadhola mpole asiyepaza sauti, alinikuta mlangoni.

"Binti, nakwenda wapi na chombo kinalia?"

"Laini mbovu, mzee. Ama si Wandera. Kuna kitu kingine kinagonga kule."

Akaichukua karatasi yangu, akaitazama. "Laini mbovu inakula herufi. Hapa imekula ngapi?"

Sikuwa nimehesabu.

"Wewe naogopa kabla ya kusoma," akaniambia, na hilo liliniuma kuliko kofi. "Kaa chini. Mtu nakuita."

Nikakaa. Herufi za kila mstari nikazipanga kwa alfabeti, na mistari yote mitatu ikatoa kitu kimoja: A, B, E, I, K, L, N, T. Hakuna iliyopotea wala kuongezeka. Basi nikashuka na orodha ya ukutani, nikiruka kila neno lisilo na herufi nane, na yale yenye nane nikiyavunja na kuyapanga vivyo hivyo. Chombo hakikunyamaza. Nikagandamiza penseli hata ikatoboa karatasi. Nikafika BLANKETI. A, B, E, I, K, L, N, T. Mbele yake paliandikwa: mimi mgonjwa, leteni mtu.

Simu ya kuongea ilikuwa imekatika tangu jana yake, kwa hiyo Mzee Obbo alikimbia mwenyewe hadi polisi, nao wakaenda Busia kwa Landrova. Mimi niliachwa na ule mlio. Nikawa namgongea, tunakuja, Wandera, tunakuja. Akawa ananijibu kwa blanketi lake lililochanika. Kisha, katikati ya neno, kimya. Mwanangu, kimya kile kilinitisha kuliko yote.

Waliporudi walitusimulia. Watu walikuwa wamesimama foleni nje ya posta ya Busia, wametulia kabisa, maana walisikia karani akifanya kazi ndani. Mlango ulipovunjwa, Wandera alikuwa ameketi wima, mdomo umekwenda upande, macho wazi yasiyomtazama mtu, na kidole bado kinagonga. Ilibidi waushike mkono wake ndipo ukatulia. Kilikuwa kiharusi.

Hakufa. Lakini maneno yake yalivurugika. Nilipokwenda Sikuda kumjulia hali ndipo nikamwona uso kwa mara ya kwanza. Alifungua mdomo kunisalimu, ikatoka sauti isiyo ya lugha yoyote. Majirani walikuwa wameacha kupita karibu na boma lake. Mke wake alikuwa amefunga mizigo.

"Dada, huyu si bwana yangu," akaninong'oneza. "Bwana yangu alienda. Kitu kingine nakaa ndani yake. Hata jina langu hajui. Kesho nakwenda kwetu."

Wakati anasema hayo nikasikia kitu. Kidole cha Wandera, juu ya ubao wa kiti, kiligonga, kikakwaruza, kikagonga, milio mifupi na mirefu kama ya chombo. Nikaokota kijiti, nikaandika mchangani: BRAEWNI. Nikaipitisha orodha yote kichwani, sikupata kitu. Akarudia: IWBANRE.

"Mama," nikamuuliza mkewe, "jina lako nani?"

"Nabwire."

Nikamwonyesha pale mchangani, herufi moja baada ya nyingine, kila moja nikiirudisha mahali pake. Akaketi chini, akakifunga kile kidole ndani ya kiganja chake, nacho kikaendelea kugonga humo humo. Mizigo aliifungua mwenyewe, na alikaa na mumewe mpaka mwisho.

Ndiyo nasaha yangu, mwanangu. Utakutana na watu ambao maneno yao yamevurugika: mgonjwa, mzee, mtoto mwenye hofu, hata mimi siku zijazo. Usiwakimbie, wala usiseme hakuna mtu ndani. Keti, uhesabu walichokupa, ukipange polepole, na usipokipata katika maneno unayoyajua, uliza. Mungu akupe sikio lisilochoka na moyo usiotishika upesi. Na siku wewe utakapoita kwa shida, apatikane wa kukaa chini akusome.