Jiwe la Silvère

Mwaka 1991 Silvère, fundi cherehani wa mtaa wa Gisimenti, Kigali, alitangaza kwamba Pejo yao iuzwe, wanunue kigari kidogo. Alisema mkewe Illuminée, aliyekuwa akijifunza kuendesha, ni mwoga, na gari zito halimfai mwoga. Sisi majirani tulimsifu. Mume gani mwingine angeuza gari lake kwa kumhurumia mkewe?

Kumbe huruma hiyo ilikuwa na jiwe. Silvère alilipakata kila walipotoka, maana Kigali ni milima mitupu na breki ya mkono ilikuwa imekufa zamani. Illuminée akisita kidogo tu mlimani, mume anaruka nje na jiwe lake kuzuia gurudumu, huku akipiga kelele, "Mama Annick, unatuua!" Mwanamke akianza kutetemeka, anaambiwa ni mwoga.

Jumapili moja, wakitoka kanisani, gari likazima kwenye mwinuko wa Kimihurura. Silvère akaruka. Kabla hajainama, Illuminée aliwasha, akaachia klachi taratibu, na Pejo ikapanda kama mtu aliyetua mzigo. Hakusimama mpaka nyumbani.

Alikuwa ameshabadilisha nguo na kuchemsha chai Silvère alipoingia kwa miguu, jasho likimtiririka, jiwe bado mikononi.

"Hilo gari liuzwe," akasema akihema. "Ni jepesi mno."

"Gari libaki, Baba Annick," mkewe akamjibu, akimsogezea kikombe. "Wewe weka tu jiwe chini. Umeshafika."