Ndonya ya Mama Niliyoiuza Imerudi Dukani

Bwana Mhariri, naomba ukurasa wako ulifiche jina langu, maana hapa Newala hata mbuzi wananijua.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na kidogo. Mama alinizaa Wajerumani wakikimbia. Shule niliacha darasa la tatu, baada ya kuimaliza akili ya mwalimu. Nina duka la zawadi karibu na boma: vitana vya mpingo, shanga, vinyago, kanga chache. Maduka ya namna hii yako matatu, lakini Wazungu huyapita yale mawili kama makaburi wakaja kwangu, kwa sababu mimi kila kitu nakiuza na hadithi yake. Fimbo ya kawaida, nikiisemea kidogo, imekwisha kuua simba wawili.

Mwaka juzi mama yangu, aliyekuwa akikaa Mnyambe, aliumwa mdomo. Mganga wa zahanati akamwambia avue ndonya, kile kipande cha mviringo cha mpingo wanachovaa mama zetu mdomo wa juu, mpaka kidonda kipone. Tangu usichana wake hakuna mtu aliyewahi kumwona bila ndonya. Akajifunika kanga usoni, akanikabidhi imefungwa kitambaani. "Wewe una sanduku la kufuli," akaniambia.

Siku moja nafungua sanduku, bibi mmoja wa Kizungu akaiona. Mdomo wangu ukatangulia. Nikamwambia ni ya malkia aliyewarudisha wakamata watumwa kwa kuwatazama tu. Yule bibi akafuta machozi, akanipa bei ya mbuzi mwenye mimba. Nikajiambia mpingo ni mpingo. Nikamwendea mchongaji, akatengeneza nyingine, tukaipaka mafuta na majivu ipate uzee.

Mama alipopona nikampelekea. Akaishika kitambo, akapitisha kidole upande wa ndani, pale ambapo ile yake ilikuwa imeliwa na meno miaka yote ile. Hii ilikuwa sawasawa kama sahani mpya. Dada yangu, Mama Esta, akaingia, akauliza kama kweli ndiyo ileile, maana kaka yake anajulikana. Mama akaivaa, chozi likamtoka kwa kubanwa, akasema, "Ndiyo yenyewe. Kaka yako ameitunza."

Mimi nimedanganya watu tangu nilipojua kusema. Mama sikuwahi kumsikia akidanganya ila siku hiyo. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia. Mvua hazijaanza, akafariki. Tukamzika nayo.

Mwezi uliopita mpishi wa yule bibi kaja na kikapu. Bibi yake anarudi kwao, vitu vingine kaacha viuzwe. Chini kabisa, ndani ya karatasi, ndonya ya mama. Nikapitisha kidole upande wa ndani, nikapakuta pale palipoliwa na meno.

Sasa baada ya mavuno binti ya dada yangu anatoka unyagoni, na Mama Esta ameniagiza: "Kaka, siku hiyo simba wako wapumzike. Waeleze watoto ulivyoitunza ndonya ya bibi yao."

Ipo hapa mezani ninapoandika. Wateja wawili wameiulizia, nikasema haiuzwi. Wakataka hadithi yake. Nikawaambia haina.

Nishaurini, ndugu zangu. Nikisema kweli, namfanya mama mwongo naye yuko kaburini. Nikinyamaza, hii yake nitaizika wapi?