Nimeshapoa

Mama alipofariki sikulia. Nilichemsha chai, nikapanga viti, nikapokea wageni. Kila aliyeingia alinishika mkono, "Pole sana, mwanangu," na mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Nimeshapoa." Ndivyo nilivyojibu tangu utotoni nikijikwaa kizingitini. Mama mdogo akanivuta hadi jikoni.

"We mtoto, una akili kweli? Mama yako hata hajazikwa, unasema umeshapoa? Sema asante!"

Nikasema asante. Lakini neno lilikuwa limeshatembea. Hadi tunarudi Arusha kutoka kuzika Uchagani, ukoo mzima unajua: huyu kashapoa.

Kilichonitisha ni kwamba huenda walisema kweli. Wiki zilipita, sikuhisi kitu. Ugali niliutafuna kama karatasi. Nikaanza kuogopa kwamba mama yangu sikumpenda.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenikokota Kisongo Jumamosi moja mchana, kwenye uwanja nyuma ya baa, kusikiliza bendi ya metal, ule muziki wa magitaa mazito na kupiga mayowe, iliyotoka Nairobi. Zamani niliupenda muziki huo. Mama aliuita kelele za mbuzi anayechinjwa.

Walianza madijei wa elektroniki. Mashabiki wao sasa, jamani! Miwani ya jua, glasi mkononi, simu juu, kila mtu anajirekodi mwenyewe. Ukimgusa bega anajipangusa. Nilisimama katikati yao na hakuna aliyeniona, ikanifaa sana.

Gitaa likanguruma. Wa miwani wakasogea ukutani, wakaingia wa fulana nyeusi: machalii, vijana wa mjini, wanachuo kutoka Tengeru, na kijana mmoja wa Kihindi ambaye siku nyingine hunipimia misumari dukani kwao bila kuinua macho. Wakafungua duara, wakaanza kugongana mabega. Mgeni angedhani ni ugomvi, lakini tega sikio: "Pole!" "Samahani, braza!" "Pole, aisee!" Wanasukumana kwa nguvu zao zote huku wanapeana pole. Akianguka mmoja, wote wanasimama, wanamwinua, wanamkung'uta vumbi, kisha wanamsukuma tena. Metal ya nchi nyingine sijui ikoje. Ya kwetu ina adabu za msibani.

Nikaingia. Labda nilitaka kujua kama bado naweza kuumia.

Sikukaa sana. Kiwiko kilinipata mdomoni, nikaanguka puu, nikakalia vumbi. Duara likasimama. Mwenye kiwiko, yule wa misumari, akachuchumaa mbele yangu, jasho linamtiririka.

"Pole, dada. Pole sana."

Nikafungua mdomo nimjibu kama siku zote. Neno likakataa kutoka.

"Sijapoa," nikasema.

"Umeumia sana?"

"Mama yangu amefariki."

Ndipo kilio kikanitoka, kile kile mama mdogo alichokisubiri siku zote za msiba, mbele ya watu nisiowajua, mdomo unavuja damu. Nililia kwa sauti, nikimwita mama. Niliumia kila mahali, na nilifurahi kuumia. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Bendi yenyewe iliacha kupiga.

Yule kijana akajifuta kiganja kwenye suruali, akanipa mkono, safari hii taratibu. Nyuma yake machalii wakajipanga wenyewe, mmoja mmoja, jasho na vumbi vyao.

"Pole, dada."

"Asante."

"Pole sana, dada."

"Asante," nikasema. "Asante."