Muhuri Uliokwenda Kuhiji

Sababu ya safari yangu ilikuwa muhuri. Naanza na hilo kwa sababu mama aliwaambia watu wa kanisani kwetu Njombe kwamba nimekwenda milima ya Himalaya kimasomo, na mimi nilikuwa nasomea uhandisi wa maji.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwaka wa tatu chuoni Guangzhou. Siku za mapumziko niliwatafsiria Kichina wafanyabiashara wa kwetu waliokuwa wameanza kuja baada ya biashara ya Bangkok, walikonunua mwanzo, kuharibika. Mmoja wao alikuwa Haji Makame, Mzanzibari wa makamo, mfupi, mwenye ndevu nyeupe zilizopunguzwa vizuri na haraka isiyoisha. Aliniita Injinia, ingawa nilikuwa sijajenga hata kisima. Alikuwa ameagiza kontena zima la viatu vya watoto vya Idi, vile vyenye taa nyekundu kisiginoni zinazowaka mtoto akikanyaga, na alikuwa ameviahidi kwa nusu ya maduka ya Darajani. Meli iliyoweza kuvifikisha Zanzibar kabla ya Idi ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa iondoke bandari ya Huangpu baada ya siku kumi na saba.

"Kiatu cha Idi kikifika baada ya Idi," aliniambia, "hicho si kiatu tena. Ni plastiki yenye taa."

Siku ya kwanza tulikwenda kiwandani kuchukua karatasi za kusafirishia mzigo. Viatu vilikuwa tayari, vimepangwa hadi darini. Karatasi nazo zilikuwa tayari, nakala tatu, ila hazikuwa na muhuri. Na huku China sahihi ya mtu ni pambo tu; karatasi huanza kuwa karatasi inapogongwa muhuri mwekundu wa kampuni. Mwenye kiwanda, au laoban kama tunavyowaita matajiri wote wa huku, alikuwa mama mmoja aitwaye Bi Liang. Hakuwepo. Tulimkuta shemeji yake akila karanga juu ya boksi la viatu.

"Laoban amekwenda kuhiji," alisema. "Mama yake alifariki mwaka huu. Amekwenda kumzungukia mlima mtakatifu, kule Yunnan. Atarudi baada ya mwezi."

"Na muhuri?" nikauliza.

"Amekwenda nao."

"Kwa nini mtu aende na muhuri mlimani?"

Shemeji alitazama karanga zake. "Mara ya mwisho aliniachia mimi. Nikanunua bwawa la vyura."

Nilimtafsiria Haji. Akauliza mlima wenyewe uko wapi. Shemeji akachora nyuma ya boksi: reli, barabara, bonde, na mwisho wake duara. Haji alilipasua lile boksi, akatia mchoro mfukoni. "Injinia, una koti?"

Siku ya pili alfajiri tulipanda treni stesheni ya Guangzhou, kule Liuhua, tukajibana katikati ya watu waliobeba mafurushi ya nguo za jumla. Haji alivaa kanzu juu ya suruali mbili, na juu ya kanzu koti la manyoya la kike, kwa sababu la kiume la saizi yake halikupatikana. Tulifika Kunming siku iliyofuata tukiwa na miguu iliyovimba. Kutoka hapo tulipanda basi kwa siku tatu. Barabara ilipanda hadi tukaanza kuyatazama mawingu kwa chini, ikashuka, ikapanda tena. Abiria walitapika kwa zamu, kwa adabu, kila mmoja akimpisha mwenzake dirishani.

Katika mji mdogo wa mwisho palihitajika kibali cha kuingia bondeni. Afisa aliniuliza sababu ya safari. Nikamwambia tunaufuata muhuri. Hakucheka. Alinitazama kwa huruma ya mtu aliyewahi kupatwa na jambo hilo hilo, akagonga wake.

Siku ya sita, saa nane mchana, tulifika kijiji cha kwanza. Bonde lilikuwa refu na jembamba, na mwisho wake umesimama mlima mweupe mtupu. Hapa ndipo milima inayotoka upande wa Himalaya inapopinda kuelekea kusini, na mahujaji wa Kitibeti hutoka mbali kuja kuuzunguka. Nyumba zilikuwa za udongo na paa bapa, ng'ombe wenye manyoya marefu kama mazulia wakilala chini ya vyumba vya watu. Tulipokewa na Droma, mwanamke mrefu mwenye mashavu mekundu, aliyekodisha nyumbu na kulaza wageni. Alitupa chai yenye chumvi na siagi. Haji alikunywa, akafumba macho, akasema, "Huu ni mchuzi uliosahau samaki."

Droma alijua Kichina cha kutosha. Ndiyo, Bi Liang wa Guangzhou alilala hapo. Alianza kuzunguka mlima leo asubuhi. Mzunguko ni siku tano.

"Leo!" Haji akaruka. "Tumwahi. Ana nusu siku tu mbele yetu."

"Pumzikeni kwanza," alisema Droma. "Hapa juu hewa ni chache."

"Mwambie hewa nitavuta Zanzibar."

Siku ya saba tulianza kupanda, Droma mbele na nyumbu wake, sisi nyuma. Alitaka kujua kwetu kuna mlima mtakatifu gani. Nikamweleza Kilimanjaro, mrefu, wenye theluji kileleni.

"Huwa mnauzunguka mara ngapi?"

"Hatuuzunguki. Wageni wanaupanda."

Alisimamisha nyumbu. "Wanaupanda? Juu kichwani?"

"Ndiyo."

"Na nyinyi mnawaacha?"

"Tunawabebea mizigo."

Hakunisemesha tena mpaka mchana.

Njiani kulikuwa na kuta ndefu za mawe yaliyochongwa dua, zimejengwa katikati ya njia, na njia inapita pande zote mbili. Kwenye ukuta wa kwanza Haji alipita upande wa kulia. Droma alipiga kelele. Ikabidi Haji arudi hadi mwanzo wa ukuta na kupita kushoto, ili mawe yabaki mkono wake wa kulia. Kwenye ukuta wa pili akapita tena kulia. Kelele tena.

"Bwana wee, si makusudi," Haji alijitetea. "Mimi nimetufu Al-Kaaba, na Kaaba unaiweka kushoto. Miguu imeshajifunza hivyo."

Nilifikiri kidogo. "Haji, fanya kama unaendesha gari Zanzibar. Shika kushoto."

Akanitazama kwa heshima kwa mara ya kwanza. Tangu hapo hakukosea ukuta hata mmoja, ila kwenye kona alinyoosha mkono kuonyesha anakokata.

Jioni tulifika kwenye pango ambamo mahujaji hupenya kwenye ufa wa mwamba. Mwenye dhambi nyingi hukwama. Haji alikataa kupenya, akisema tumbo lake si ushahidi. Bi Liang alikuwa amelala hapo jana.

Siku ya nane tulivuka mkondo kwa gogo, tukapita maporomoko ambayo watu husimama chini yake wakilia na kucheka kwa baridi, tukafika kwenye hekalu dogo lenye moshi wa mreteni, mti wanaoufukiza kama ubani. Tulikwenda mbio tulivyoweza, yaani hatua kumi na kupumzika, hatua kumi na kupumzika. Mtawa wa pale alituambia Bi Liang alilala hapo jana. Hatukuwa tumempunguzia hata saa moja. Mama yule alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, na alitembea kama anayefuata basi.

Haji alitoa mchoro wake wa boksi, akaukodolea. Kisha uso wake ukang'aa. "Injinia. Njia si duara?"

"Ni duara."

"Sasa kwa nini tunamfukuza mgongo? Tugeuke! Tukirudi nyuma, tutamkuta uso kwa uso."

Kwa hesabu nilishindwa kumpinga. Nilimtafsiria Droma. Akawa kama mtu aliyetukanwa. Anayeuzunguka mlima kinyume, alisema, anafungua walichofunga wengine. Kila hatua anayorudi inamfutia mtu thawabu. Yeye ataendelea mbele na nyumbu wake, siku tatu zilizobaki, peke yake. Sisi twende tunakojua. Nilimwomba radhi. Sijivunii siku ile, lakini nilimtazama Haji, naye alikuwa anahesabu siku kwa vidole. Siku ya kuondoka meli ilikuwa inakuja.

Siku ya tisa na ya kumi tulirudi tulikotoka. Njia iliyokuwa tupu nyuma yetu ikageuka kuwa imejaa watu, wote wakija usoni. Wengine walidhani tumepotea. Bibi mmoja mwenye kijiti na meno mawili alimshika Haji mabega, akamgeuza taratibu, akampiga kofi dogo mgongoni aende. Haji alikwenda hatua ishirini kwa heshima, bibi alipopotea kwenye kona akageuka. Mbele kidogo wakatokea binti zake watatu. Wakamgeuza tena. "Wallahi," alisema akihema, "njia hii nimeipita mara tatu na sijafika popote."

Siku ya kumi, saa tisa alasiri, tulitokea kijijini, mlangoni pa nyumba ya Droma, pale pale tulipoanzia. Kwenye benchi alikaa mama mwembamba amevua viatu, akisugua vidole vya miguu, na mfuko mdogo umening'inia shingoni.

Ndipo nilipokumbuka kwamba duara lina mwanzo na mwisho mahali pamoja. Bi Liang alikuwa amemaliza mzunguko wake na kurudi alikotoka. Tungekaa kwenye benchi lile siku nne, tukinywa ule mchuzi uliosahau samaki, angetujia mwenyewe. Sikumwambia Haji. Nilimwona usoni kwamba ameshajua.

"Laoban Liang!" alisema Haji, na machozi yakamtoka. Akaweka karatasi tatu mapajani pake.

Bi Liang hakuzigusa. "Ni nyinyi," alisema. "Leo asubuhi kijana wa nyumbu aliyenipita mbio aliniambia: kuna wageni wawili weusi, mmoja amevaa koti la kike, wanakwenda kinyume. Nikacheka. Sasa naona mlikuwa mnanitafuta mimi." Sauti yake ikashuka. "Mama yangu aliomba miaka ishirini kuja hapa. Kiwanda hakikuniacha nimlete. Nimemzungukia siku tano, na nyinyi mmetembea siku mbili mkifungua nyuma. Kwa ajili ya viatu."

Nilitafsiri kila neno. Haji aliinamisha kichwa. Alipojibu, hakutaja meli. "Mwambie na mimi mama yangu amekufa. Nilimhijia mwaka uliofuata. Mtu angenivurugia tawafu ile, nisingemgongea kitu maisha yangu yote. Mwambie ana haki."

Bi Liang alivaa viatu vyake. Kisha akaonyesha mnara mdogo mweupe wa dua katikati ya kijiji. "Mlichofungua, kifungeni. Mzunguke mara mia na nane, upande unaotakiwa. Kabla jua halijazama. Halafu nitagonga."

Haji aligeuka mweupe kuliko ule mnara. "Injinia, mimi kupita ukuta njiani ni njia. Lakini kutufu? Mimi natufu mahali pamoja tu duniani. Hata kontena likizama."

Hapo pakawa pamekwama. Jua lilikuwa vidole vinne juu ya mlima. Nilijichunguza. Mimi ni Mlutheri. Darasa la kipaimara lilitukataza mambo mengi, lakini kutembea kwa ajili ya marehemu wa mtu halikukutaja. Nikamuuliza Bi Liang kama mmoja anaweza kutembea kwa niaba ya wawili. Akasema miguu ni miguu.

Nikaanza. Haji alikaa kwenye benchi kunihesabia kwa tasbihi yake. Mzunguko wa thelathini nilikuwa naona nyota mchana. Wa sitini, nusu ya kijiji ilikuwa imetoka kutazama. Wa tisini na tisa Haji akapiga kelele: "Imekwisha! Tasbihi imekwisha!" Bi Liang akanyanyua ya kwake; ilikuwa ndefu zaidi kwa punje tisa. Wakakubaliana, bila mimi kutafsiri, kwamba tisa za mwisho zihesabiwe kwa vidole vya Haji. Nilimaliza nikiwa nimeukumbatia mnara, jambo ambalo baadaye niliambiwa si sehemu ya ibada.

Bi Liang alitoa muhuri mfukoni, akaubonyeza kwenye kidau cha wino, akagonga. Karatasi ikabaki nyeupe. Wino ulikuwa umeganda kwa baridi. Haji alikichukua kidau, akakipitisha chini ya koti, chini ya kanzu, akakibana kwapani, akasimama hivyo kama askari wa gwaride, midomo ikisoma dua. Baada ya robo saa wino ukakubali. Nakala tatu zikagongwa, nyekundu, za duara, safi.

Siku ya kumi na sita tulikuwa Guangzhou. Karani wa mizigo alizinusa zile karatasi, zilinuka siagi na moshi, akauliza zilipotoka. Haji akajibu Kichina chake mwenyewe: "Mbali." Siku iliyofuata meli iliondoka, na viatu ndani yake.

Mimi nilijifunza kuuliza njia inaishia wapi kabla ya kuanza kukimbia. Droma nilimwandikia barua ya radhi kwa anwani ya mji ule wa mwisho. Sijui kama ilimfikia. Haji alirudi nyumbani, na baada ya Idi akapiga simu bwenini kwetu, akipiga kelele kama kawaida.

Meli ilichelewa njiani, alisema. Viatu vilitoka bandarini Malindi asubuhi ya Idi yenyewe. Lakini ni Idi ya nani? Nusu ya mji ilikuwa imesikia kwamba mwezi umeonekana nchi nyingine, ikafungua na kusali. Nusu iliyobaki ilisema mwezi wa hapa haujaonekana, ikafunga siku ya thelathini. Siku hiyo moja Haji aliuza mpaka sampuli.

"Na watoto wa waliokwisha sali?" nikauliza. "Wao si walishakula Idi yao kwa viatu vya zamani?"

"Ah, Injinia," alisema, na nikamsikia anacheka. "Jioni wote walikuja dukani na baba zao mkononi. Wamegoma. Wanasema wao tangu zamani wanafuata mwezi wa hapa."