Elida hataki ukimya wa ngoma yake ujazwe

Saa kumi na mbili asubuhi, mwalo wa wavuvi wa Katonga, Kigoma. Elida Martini (43) anageuza dagaa juu ya chanja. Wanawake wanane wa kikundi chake cha ngoma wanageuza pamoja naye, huku mabega na viuno vikirudia mchezo watakaoucheza alasiri, tamasha la Mwanga likifungwa.

"Klementina, unalazimisha!" anafoka. "Maji hayalazimishi. Yanalizunguka jiwe, mwisho jiwe ndilo linaloisha."

Wazo hilo si lake, wala hafichi hilo. Ni la wanafalsafa wa China ya kale. Alilisikia Dar es Salaam mwaka 2019, kwenye mafunzo ya walimu wa ngoma. Wazo lao la pili ndilo lililomletea ugomvi: kwamba uwazi wa ndani ndio unaokipa chombo kazi.

"Ngoma ikijazwa udongo ni gogo," anasema. "Basi na mchezo nimeuachia uwazi. Katikati mpiga ngoma wetu, Gasper, anaacha kupiga, sisi tunasimama. Watu wasikie kilichobaki."

Walipoucheza Ujiji mara ya kwanza, ukimya haukudumu. Huku Kigoma, ngoma ikinyamaza ghafla, watu hujua ngozi imelegea. Wazee wawili waliinuka kwa nia njema, wakaichukua ngoma mikononi mwa Gasper, wakaenda kuipasha moto ili ngozi ikaze.

"Wale niliwasamehe," anasema Elida.

Hajamsamehe Saad Nuhu, mshereheshaji wa tamasha. Juzi, ngoma iliponyamaza, Saad aliwasha spika, akaweka wimbo wa harusi na kuwataka akina mama wapige vigelegele.

"Mama, watu wamekuja kufurahi," anajitetea Saad. "Ukiwaacha kimya watadhani mmesahau. Hiyo falsafa peleka chuoni."

"Nimewafundisha wanawake hawa kusimama mbele za watu bila kuogopa," anajibu Elida. "Yeye kaja kuvuruga kwa kidole kimoja! Angenitukana ningemwelewa."

Waandaaji wamempa sharti: ukimya uondolewe, au kikundi kisikanyage tena jukwaa lao.

"Nataka usikike mara moja, hadi mwisho," anasema. "Baada ya hapo watufukuze."

Saa tisa alasiri, Mwanga. Gasper anaacha kupiga. Wanawake wanasimama.

Saad anabonyeza kitufe. Spika hailii. Anabonyeza tena.

Elida yuko katikati ya duara. Waya wa spika amejifunga kiunoni, juu ya kanga.

Mzee mmoja mstari wa mbele anainuka kwenda kuichukua ngoma. Mkewe anamvuta shati.

"Kaa," anamnong'oneza.

Anakaa.