Halbadiri ya Minazi ya Bi Zuwena

Bi Zuwena wa Somanga hamwamini mtu. Ukimsalimia kwa furaha, atajiuliza unataka nini; usipomsalimia, una jambo unamficha. Mimi ni jirani yake, na uji nikimpelekea hunionjesha kwanza.

Basi minazi yake ilipoanza kudondosha vidaka, vinazi vichanga visivyofika hata ukubwa wa ngumi, hakufikiria ugonjwa. Alifikiria watu. Wa kwanza kushukiwa alikuwa Likwata, mkwezi wake. Huyu mwaka jana aligoma kupanda kwa sababu ya majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota na kumuuma mkwezi mpaka atamani kujiachia. Bi Zuwena akanunua dawa ya wadudu, akamtwika bomba Ibrahimu, mwanawe wa pekee, naye kijana akapuliza mnazi kwa mnazi hadi majimoto wakaisha kabisa. Likwata akarudi kazini. Sasa vidaka vinaanguka, na nani mwingine anayefika huko juu?

Halafu kulikuwa na Valeria, Mmakonde aliyehamia ng'ambo ya ua. Minazi yake ilijaa majimoto na ilijaa nazi. Hilo nalo Bi Zuwena hakulipenda hata kidogo.

Akaenda kwa Maalim Abdulwahab kusomesha Halbadiri. Dua ile huku kwetu haina mchezo: mkosaji asipokiri, tumbo humvimba na safari yake huishia hapo.

"Msomee aliyeniharibia nazi zangu," alisema mbele ya watu, "na aliyemsaidia."

Kuanzia hapo kazi yake ikawa kukagua matumbo. Likwata akipita, macho ya Bi Zuwena yanatua kitovuni. Valeria akivaa gauni pana, huo tayari ni ushahidi. Nilikereka mpaka nikaacha kumpelekea uji.

Asubuhi moja akajibanza penye ua wa miba kumchungulia Valeria.

"Shikamoo, Bi Zuwena. Pita ndani, hapo kwenye miba utachanika."

"Marahaba. Nipite unilishe nini?"

"Sikulishi kitu. Njoo utazame."

Akampeleka kwenye mnazi mfupi. Kwenye kole, lile shada la nazi, mdudu wa kahawia alikuwa amechoma mdomo wake mrefu ndani ya kidaka, ananyonya. Majimoto wakamzukia, huyu mguu, yule mguu, wakamburuta hadi kiotani.

"Huyo ndiye anayeangusha vidaka," Valeria alisema. "Wa kwangu wanaliwa. Wa kwako nani anawala?"

Bi Zuwena aligeuka kuitazama minazi yake, isiyo na chungu hata mmoja. Akaondoka bila kuaga.

Nyumbani akamkuta Ibrahimu amejikunja barazani.

"Mama, tumbo linanikata."

"Umekula nini?"

"Pweza wa jana tu."

Siku nyingine angemwendea mbio muuza pweza. Siku ile alilikagua tumbo la mwanawe, akakumbuka bomba. Nilimwona akipita kwangu anakimbia, kichwa wazi, analia kwa sauti. Nikamfuata hadi kwa Maalim.

"Maalim, ifute! Ifute ile dua!"

"Haifutwi mpaka mkosaji akiri. Amepatikana?"

"Amepatikana."

"Na msaidizi wake?"

"Yuko kwangu. Tumbo limeshamshika."

Maalim akaweka tasbihi chini. "Basi nenda kamlete mkosaji, upesi."

Bi Zuwena akakaa mkekani mbele yake, akajifunika uso kwa mikono miwili.

"Nimeshamleta, Maalim."